Mdogo Wangu, Kausha Uyoga Kwanza

Mdogo wangu, keti tuzungumze, maana naona ulivyojitia kitanzini mwenyewe. Umealikwa Jumamosi kwa watu wa kazini, ukaambiwa kila mmoja aje na kitu cha kufungulia meza. Badala ya kusema utaleta sambusa, ambazo wewe unazikunja hata umefumba macho, ukatangaza mbele za watu kwamba utaleta uyoga uliojazwa kamba na kuokwa. Uliuona kwenye simu, video ya dakika moja: mkono unajaza, mkono unanyunyiza jibini, oveni inafunguliwa, kila kitu kinang'aa. Sasa zimebaki siku chache na usingizi umekuruka. Pole, lakini hauko peke yako. Mwaka ukielekea ukingoni, joto likianza huku Bondeni, Afrika Kusini, na mialiko ikafuatana, hili ni miongoni mwa maswali ninayoulizwa sana, na wanaouliza si akina dada tu. Wakaka nao siku hizi wanapika, na wengine wametuacha mbali.

Kabla hatujagusa kisu nina swali moja la kidada. Kwa nini uyoga wa kamba? Kama ni kwa sababu umeupenda, sina neno, twende kazi. Kama ni kwa sababu unaogopa sambusa zako zitaonekana za kishamba mbele ya matajiri wa Sandton, hapo nakukunjia uso kidogo. Sambusa ndizo zinazogombewa Fordsburg kila Ijumaa, na hao hao wa Sandton wanapanga foleni. Aibu uliyoibeba kutoka nyumbani hakuna aliyekutwisha. Umejitwisha mwenyewe, na unaweza kuitua. Lakini ahadi umeshatoa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Na kweli, hadithi yote ya chakula hiki ni maji. Kwetu pwani tunasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ila huku hakuna upwa wa kugaagaa. Johannesburg imekaa juu uwandani, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na pwani iliyo karibu, iwe Maputo au Durban, iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Karibu kila kamba utakayemla hapa amesafiri ndani ya barafu. Uyoga nao, ukiupima, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji matupu. Basi wewe umechukua kitu kilichojaa maji, ukakijaza kitu kilichotoka kwenye barafu, ukafunika kwa jibini, ukatia motoni, halafu unashangaa trei imegeuka bwawa na wageni wanachukua kimoja kimoja kwa adabu tu. Yule anayeniambia ujazo wake uliogelea, na yule anayesema uyoga ulisinyaa ukawa kifungo cha koti, na yule aliyepata kamba wagumu wa kutafuna mpaka taya liume, wote ugonjwa wao ni mmoja. Hawakuyatoa maji mapema, ikabidi waache chakula motoni muda mrefu kikijaribu kujikausha chenyewe.

Tuanze dukani. Uyoga ule mdogo mweupe, ule wa kahawia, na lile dude pana jeusi chini linaloitwa portabella, wote ni jamii moja, wataalamu wanauita Agaricus bisporus. Tofauti ni rangi na umri. Basi usibabaishwe na bei. Unachotaka ni kofia za upana wa sentimita nne hadi tano, zilizofumba bado, yaani ukigeuza huoni ile mistari ya chini. Kofia ya namna hiyo ni bakuli tayari. Ile kubwa pana iache, maana mgeni amesimama, mkono mmoja ana glasi, mkono wa pili ana simu. Uma na kisu atavishika na nini? Kitu cha kufungulia meza kiingie mdomoni kwa mara moja, au mbili akiwa na haya. Pakiti za gramu 250 zipo kila duka. Fungua macho kabla hujafungua mkoba: uyoga mzuri ni mkavu, mgumu kidogo ukiubonyeza, hauna utelezi. Ukiona plastiki ina matone kwa ndani na kofia zimeanza madoa ya kahawia, rudisha kwenye rafu, hata kama wamebandika karatasi ya punguzo. Huo umeshaanza kutoa maji kabla hujaulipia.

Hapa nina onyo, na nitakuwa mkali. Mvua zikianza kunyesha huku, Novemba na kuendelea, utaona uyoga umechipuka kwenye nyasi za bustani na chini ya miti mikubwa ya barabarani. Moyo utakurudisha Iringa au Tabora, ulivyokuwa ukifuatana na bibi porini msimu wa masika, anakuonyesha huu ndio, huu sio. Utasema, mbona huu ni ule ule. Mdogo wangu, si ule ule. Bibi aliujua msitu wake. Msitu huu hakuujua. Kuna mmoja mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia kichwani, unapenda nyasi zinazomwagiliwa, unavutia macho, na ukiula utatapika mpaka uite majina ya wazee. Huo ndio wa nafuu. Upo mwingine, Amanita phalloides, uliokuja nchi hii na miti ya Ulaya na hupenda kukaa karibu na mialoni. Ladha yake haina shida, na moto hauondoi sumu yake. Mtu anakula, anakaa saa 6, 12, hata zaidi bila dalili yoyote. Kisha anaharisha na kutapika, kisha anapata nafuu, anasema namshukuru Mungu imepita, na wakati huo huo ini lake linakufa. Nakuomba, uyoga wa kulisha watu ununuliwe kwa anayeulima. Wenyeji wa KwaZulu-Natal wana amakhowe wao, uyoga mkubwa wa kwenye vichuguu, na wanaujua tangu utotoni. Siku mama wa huko akikukaribisha, kula na ushukuru. Lakini usiende kuutafuta peke yako.

Haya, sasa vya baharini. Hapa ndipo wengi mnapoibiwa mchana kweupe. Kamba wa kugandishwa hupakwa ganda la barafu ili wasikauke, na ganda hilo lina uzito. Umelipia kilo, ukiwayeyusha unapata robo tatu ya kilo na bakuli la maji. Soma pakiti, uzito halisi huandikwa, ila kwa herufi ndogo, vaa miwani. Wanunue wabichi, wenye rangi ya kijivu. Wale ambao tayari ni wa waridi wamekwisha kupikwa, na ukiwapika tena ndipo wanapokuwa mpira. Ukitaka kuchagua kwa nafasi, nenda Cyrildene, kwenye Derrick Avenue kwa Wachina, utakuta samaki, ngisi, kome, na wauzaji wasiochoka kuulizwa. Kamba wa Msumbiji wana sifa yao jijini hapa tangu zamani. Waulize Wareno wa Rosettenville, wengi walihamia wakati Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wakaja na kamba wao wa pilipili na ndimu. Mtaa huo huo ndio ulioanzisha Nando's, mgahawa wa kuku wa pilipili, mwaka 1987, kwa hiyo pilipili usiionee aibu kwenye ujazo wako, jiji hili limeshazoea.

Vile vijiti vyeupe vyenye upande mwekundu, vinavyouzwa kama kaa, sivikatazi ila usijidanganye. Ni nyama ya samaki mweupe iliyosagwa, ikatiwa wanga na harufu. Ni rahisi na watoto wanavipenda, lakini ukiwaambia wageni wamekula kaa, umesema uongo, na huko mbele utaona kwa nini uongo huo una hatari yake. Jambo jingine la haraka: WWF ilianzisha hapa mwaka 2004 mpango wa SASSI, unaopanga samaki kwa rangi. Kijani nunua, chungwa jiulize, nyekundu acha. Tazama kabla hujalipa, basi, sitakuhubiria.

Kuyeyusha nako kuna adabu yake. Kamba watolewe friza usiku wa kuamkia siku ya kupika, walale kwenye friji ndani ya chujio lililokalia bakuli, ili maji yashuke na wao wabaki juu. Ukichelewa, wafunge kwenye mfuko usiopitisha maji, wazamishe kwenye maji ya bomba ya baridi. Maji ya moto usithubutu. Juani kwenye sinki pia usithubutu, najua mlivyozoea kutoa nyama asubuhi mkaenda kazini. Samaki si nyama ya ng'ombe, hana subira hiyo. Na umeme wa huku unaujua. Mwaka 2023 ndio mgao ulitutesa kuliko miaka yote, na ingawa mambo yametulia, mitaa bado hukatikiwa. Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ukikuta kamba wako wameyeyuka, wana uvuguvugu, na hujui walianza lini, tupa. Najua pesa imekuuma. Sema dada yako amekulazimisha. Samaki mmoja akioza wote huoza, na hapa mmoja anaweza kulaza ofisi nzima.

Sasa niambie, hao walioalikwa ni akina nani? Umeniambia idadi, umeniambia vyeo vyao, hukuniambia wanakula nini. Hili ndilo linaloniumiza zaidi ya maji, kwa sababu trei iliyolowa unaipangusa, lakini mtu uliyemlisha asichokila humwondolei tumboni. Johannesburg ni jiji la watu wa kila pembe. Sisi wa pwani, Washafii, tunakula karibu kila kitokacho baharini, kamba, ngisi, pweza, na Wasomali wa Mayfair ni Washafii kama sisi, basi tunadhani Waislamu wote wako vile. Jirani yako wa Kihindi wa mtaa huo huo wa Mayfair huenda ni Mhanafi, na kwa Hanafi kaa, ngisi na kome havimo. Hata kamba wanazuoni wao wamevutana tangu zamani, nyumba hii inakula, nyumba ile haili. Mshia Ithnaasheri kamba atakula, kaa hapana. Sijamaliza. Dada yetu Msabato kutoka Kisii au Upareni anafuata Mambo ya Walawi sura ya 11: asiye na mapezi na magamba, haliwi. Hebu mwone, amekaa kochini na gauni lake zuri, ameshauma nusu, anatafuna, na wewe unamsogelea kwa furaha, "Umeijua siri yangu? Kuna kaa na kamba!" Uso wake utauona mpaka Krismasi. Atameza kwa heshima yako, na hatakuambia kitu. Uchungu wa jambo hili ndio huo, watu wetu hawasemi.

Yupo pia asiyeweza kunyamaza, yule ambaye mwili wake unakataa kamba. Midomo inavimba, koo linabana, pumzi inagoma. Huyo si suala la imani wala kudeka, ni la hospitali. Na ndiyo sababu nilikuambia usidanganye kuhusu vile vijiti: mwenye mzio wa samaki, au wa mayai, au wa ngano, anaweza kuguswa navyo, nawe umemwambia ni kaa.

Kuuliza si ujinga. Tuma ujumbe kwenye kundi mapema: naleta uyoga wa kamba, nani hali? Usikisie dini ya mtu kwa jina lake wala kwa kilemba, utakosea. Kisha fanya hivi, na hii ndiyo hila yangu kubwa leo: gawa trei mbili, nusu ujaze kamba, nusu ujaze hake. Namaanisha yule samaki mweupe wa Rasi anayeuzwa kwenye kila duka la samaki na chipsi nchi hii. Ana mapezi, ana magamba, Mhanafi anamla, Mshia anamla, Msabato anamla, na bei yake ni ya kibinadamu. Asiyemweza ni mwenye mzio wa samaki, na huyo utakuwa umeshamjua kwenye kundi. Trei ziwe mbili kweli, vijiko viwili, vyombo viwili, na karatasi imeandikwa kwa kalamu kilichomo. Jibini nunua lenye nembo ya halali, kama ile ya SANHA. Zimejaa madukani, haikugharimu zaidi. Na ule mvinyo mweupe unaotajwa kwenye mapishi ya simuni, weka kijiko cha maji ya ndimu badala yake, hakuna atakayeulizia.

Tupike sasa. Kwa watu kumi na mbili hivi, chukua uyoga thelathini, kama pakiti mbili au tatu kutegemea ukubwa. Usiuloweke. Ule weusi mdogo juu yake ni udongo wa kuoteshea, unapangusika kwa kitambaa kibichi. Ukikaidi, pitisha chini ya bomba haraka na ukaushe hapo hapo. Shika kofia kwa mkono mmoja, zungusha shina kwa mwingine, litatoka taratibu likiwa zima na shimo safi. Usitumie kisu, utatoboa. Mashina weka pembeni, tunayarudia.

Washa oveni nyuzi 200. Paka kofia mafuta kidogo kwa nje, chumvi usitie bado, maana chumvi inavuta maji kabla ya wakati wake. Zipange juu ya waya, shimo likitazama chini, trei chini yake ya kukinga. Hapo ndipo video yako ya dakika moja iliporuka hatua. Uyoga ni shoga asiyeweza kutunza siri, ukimpasha moto kidogo tu anatoa yote, basi mwache ayatoe mapema, pembeni, kabla hajakaa mbele za watu. Dakika kumi hadi kumi na mbili. Utasikia trei inachirizika, utaona maji ya kahawia yanatuama, kofia zimepungua kidogo na ngozi imekunjamana. Usiogope kwamba umeziharibu. Uyoga hauivi ukawa uji kama bamia, nyama yake inavumilia moto. Zitoe, zigeuze, na kila moja ipanguse ndani kwa tishu ya jikoni. Kila moja, nimesema. Ukianza kuchoka kwenye ya kumi na tano, ujue ndiyo itakayomwangukia bosi wako.

Wakati huo kamba wako wamekwisha kusafishwa, ule uzi mweusi wa mgongoni umetolewa, wamekatwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Gramu 200 baada ya kuchuja zinatosha kwa trei ya kamba, na hake kiasi hicho hicho kwa trei nyingine. Kamba wakandamize kwa kitambaa mpaka kitambaa kilowe, kisha chukua kitambaa cha pili. Kwenye kikaango tia siagi, kitunguu saumu, na yale mashina uliyoyakatakata yawe chenga. Yakaange mpaka yaache kulia, maana sauti ile ya kuchirizika ni maji yanayotoka. Gawa mashina hayo mabakuli mawili. Pasha kikaango tena, tia kamba, geuza, geuza, mara rangi ya kijivu inapoanza kuwa ya waridi toa. Dakika moja tu. Wataonekana hawajaiva katikati na ndivyo tunavyotaka, oveni itamalizia. Hake mpike kando kwa ndimu na funiko, mchambue, mtoe miba kwa vidole maana macho hudanganya, kisha mkamue ndani ya kitambaa kama unavyokamua nazi. Hapo unapikia kwa maji kidogo sana, na ukumbuke kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hivyo kuchemka peke yake kusikuambie ameiva. Tazama nyama, ikiwa nyeupe na inaachana, tayari.

Kila bakuli sasa litiwe jibini laini kama gramu 80, vijiko vitatu vya chenga za mkate mkavu, kitunguu cha majani, dhania, pilipili iliyosagwa, maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa. Na kama unataka watu wakuulize wewe ni wa wapi, ongeza kijiko kimoja cha tui zito, lile la juu lililoganda kwenye kopo, na bizari ya manjano kwenye ncha ya kijiko. Kimoja nimesema. Ukimimina kopo zima kwa sababu umekumbuka nyumbani, tumerudi bwawani. Onja ujazo wa hake, tia chumvi sasa. Wa kamba uonje ule mchanganyiko kabla kamba hawajaingia. Ujazo sahihi unasimama kwenye kijiko ukikigeuza. Ukidondoka, ongeza chenga.

Jaza mpaka upande juu kidogo, nyunyiza chenga zilizokorogwa na siagi, rudisha oveni dakika kumi, mpaka juu pawe pa dhahabu. Basi. Usikae unafungua mlango wa oveni kila dakika kuchungulia; unatoa joto, unaongeza muda, na muda ukiongezeka kamba anakukasirikia.

Nawajua mlivyo, mtataka kupika kila kitu nyumbani Berea halafu mpande taxi na trei magotini mpaka Midrand. Hapana. Beba kofia zilizokwisha kukaushwa kwenye chombo kimoja, ujazo kwenye vyombo viwili ndani ya mfuko wa baridi wenye barafu, ujazie huko huko. Muombe mwenye nyumba oveni siku mbili kabla, si ukiwa mlangoni. Na ukifika ukute umeme umekatika, usilie. Wanaume watakuwa nje na braai yao ya nyama choma, moto upo. Weka uyoga kwenye sufuria pana ya bati, funika, tia makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, vile mama alivyokuwa akioka mkate wa kumimina. Wenyeji watakuja kutazama, na hapo mtapata mazungumzo marefu kuliko yale ya mshahara na kodi ya nyumba.

Vikitoka, viache dakika tano, ndani vina moto wa kuunguza ulimi. Kisha viliwe. Vya baharini visikae mezani zaidi ya saa 2, na joto la Desemba likiwa kali, saa 1 inatosha. Vilivyobaki viingie friji au vitupwe. Vile vya saa tano usiku, vilivyosinyaa pembeni ya meza, ambavyo kuna mjomba mmoja lazima atavitaka, mnyime. Akununie.

Na pesa. Umesikia hake ni nafuu na bado moyo unakuvuta kwa kamba wakubwa wa kuonyeshea watu. Wanakatwa vipande vya ukubwa wa maharage, mdogo wangu! Nani atajua walikuwa wakubwa? Nunua wadogo. Usimkope rafiki, usiguse ile hela ya kumtumia mama mwisho wa mwezi. Wale watu wa Jumamosi watakula dakika tatu, watasema kitamu, watahamia kwenye nyama.

Maganda ya kamba usitupe. Yakaange na kitunguu na nyanya, tia maji, chemsha nusu saa, chuja, upikie wali wako Jumapili. Jikoni fungua dirisha, jirani wa ghorofani asije akagonga. Na mkitoka kwa watu usisahau kuuliza kama wanahitaji kuoshewa vyombo. Wakikupa nyama ya kwenda nayo kwenye bakuli lao, bakuli hilo lirudi Jumatatu ofisini, na lisirudi tupu. Hapo ndipo utie sambusa.